TENDE MOJA KWA SIKU: KWA NINI WATAWALA HUGAWA VITU KWA KIPIMO WAKATI WA VITA



Ndugu zangu katika imani, wiki iliyopita baada ya sala ya Isha kijana mmoja alinifuata pale mlangoni nikiwa natafuta viatu vyangu. Alikuwa ameona kwenye simu picha za nchi iliyo vitani, watu wamepanga foleni na kadi mikononi. Akaniuliza: "Sheikh, mtu pesa anayo, duka lina unga, halafu serikali inamwambia nunua kilo mbili tu. Hii si dhulma? Mali si ya mtu?"

Nikamwambia swali lako zuri, lakini jibu lake haliishi mlangoni pa msikiti. Basi jibu lenyewe ni hili. Ni refu kidogo, msome taratibu, na mwishoni nina jambo langu mwenyewe la kuwaambia ambalo sijawahi kuliandika.

Tuanze kwetu, kwenye jeshi la Waislamu.

Mwaka wa 8 Hijria Mtume (S.A.W) alituma kikosi cha watu 300 kuelekea pwani ya Bahari ya Shamu. Kiongozi wao alikuwa Abu Ubayda bin al-Jarrah (R.A). Aliyetusimulia habari hii ni Jabir bin Abdillah (R.A), naye alikuwamo ndani ya kikosi, na masimulizi yake yamo katika Bukhari na Muslim. Njiani chakula kikaanza kupungua. Angeweza kusema kila mtu ale alichobeba, aliyebeba kingi ni riziki yake na aliyebeba kidogo ni bahati yake. Hakusema hivyo. Aliamuru chakula cha jeshi zima kikusanywe pamoja, kikafika mifuko miwili ya tende. Akawa anawagawia kidogo kidogo kila siku, mpaka ikafika siku kila mtu anapata tende moja tu.

Mtu mmoja akamuuliza Jabir, hivi tende moja ilikusaidieni nini? Jibu lake, kwa maana, ni kwamba thamani ya ile tende moja waliijua siku ilipokosekana. Baada ya hapo walikula majani ya miti, mpaka Allah alipowatolea samaki mkubwa ufukweni.

Kuna jambo jingine katika safari ile ambalo wengi hatulisimulii. Qays bin Saad (R.A), mtu karimu mtoto wa mtu karimu, alipoona njaa alikuwa akichinja ngamia kuwalisha wenzake. Abu Ubayda akamzuia. Nia ya Qays ilikuwa njema, lakini ngamia ndio usafiri wa jeshi, na kiongozi lazima ahesabu kesho.

Na kuna kabila la Ash'ari kutoka Yemen. Mtume (S.A.W) aliwasifu kwamba wakiishiwa na chakula vitani, au chakula cha watoto wao kikipungua mjini, hukusanya walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Akawaambia watu kuwa hao ni katika yeye na yeye ni katika wao. Tazameni, kugawana kwa kipimo hapa kumesifiwa kwa sifa ambayo kila mmoja wetu angeitamani. Yashikeni maneno mawili: CHOMBO KIMOJA. Tutayarudia.

SASA, KWA NINI SERIKALI HUFANYA HIVI?

Nitachukua mfano wa Uingereza katika Vita Kuu ya Pili, kwa sababu mambo yao yameandikwa kwa kirefu na kila hatua inaonekana.

Kwanza, njia ya chakula hukatwa. Uingereza ni kisiwa, na kabla ya vita zaidi ya nusu ya chakula chake kilikuja kwa meli. Vita vilipoanza Septemba 1939, nyambizi za Ujerumani zikaanza kuzizamisha meli hizo. Aliyekuwa akila ngano ya Kanada na sukari ya visiwa vya mbali akajikuta chakula chake kiko chini ya bahari.

Pili, jeshi hula. Mamilioni ya vijana hutolewa mashambani na viwandani. Walikuwa wanazalisha, sasa wanatumia. Ngozi inakuwa viatu vya askari, pamba inakuwa sare, mafuta yanaingia kwenye ndege. Hata zile meli zinazofika salama, nafasi yake hugombaniwa baina ya chakula na silaha.

Tatu, bei peke yake haiwezi kugawa kwa haki. Siku za kawaida kitu kikipungua bei hupanda, wengine wakaacha kununua, na mambo yakaenda. Lakini sukari au unga ukipungua kwa nusu nchi nzima, bei hupanda mpaka tajiri ndiye anayebaki dukani. Maskini hataacha kula kwa sababu bei imepanda. Ataacha kula kwa sababu hana.

Nne, hofu ina tumbo kubwa kuliko njaa. Watu wakisikia kitu kitaadimika, wa kilo moja hununua kumi. Hapo hata kitu kilichokuwa kinatosha hakitoshi tena, kwa kuwa kimehamia uvunguni mwa vitanda.

Tano, na hii watawala huiogopa kuliko zote: foleni ya mkate huangusha viti. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mji wa Petrograd kule Urusi ulikosa mkate mapema mwaka 1917. Wanawake waliochoka na foleni waliingia barabarani, wafanyakazi wakaungana nao, askari wakakataa kuwapiga, na katika siku chache mfalme Nicholas akaacha kiti. Ujerumani nako, majira ya baridi ya 1916 na 1917, meli za adui zilikuwa zimewafungia bahari na viazi viliharibika shambani, watu wakaishi kwa mizizi ambayo kabla walikuwa wakiwapa mifugo. Kadi za mgawo walikuwa nazo, lakini mwenye pesa alikuwa na mlango wake wa nyuma, na raia wengi wakafa kwa njaa na maradhi yake. Uingereza yenyewe vita vile vya kwanza ilichelewa, ikaanza kugawa sukari kwa kadi mwaka 1918 baada ya foleni kujaa mijini.

Kwa hiyo vita vya pili hawakusubiri. Tarehe 8 Januari 1940 mgawo ulianza: siagi, sukari, na nyama ya nguruwe ambayo sisi haituhusu. Sukari ilikuwa kama gramu 340 kwa mtu kwa wiki, siagi kama gramu 113. Mwaka huo huo nyama nyingine zikafuata, na majani ya chai, kama gramu 57 kwa wiki. Mwaka 1941 hata nguo ziligawiwa kwa kadi.

Sikilizeni ilivyofanya kazi, maana hapa ndipo penye jibu la yule kijana. Kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alipewa kitabu chake. Alijiandikisha kwa mwenye duka mmoja. Mwenye duka alipewa mzigo kulingana na idadi ya watu waliojiandikisha kwake. Ukienda, anakata kipande cha kadi na anakupa kipimo chako kwa bei iliyopangwa. Maana yake, sukari yako iko pale inakusubiri. Hata ukichelewa, hata ukiwa mjane, hata ukiwa huna mtu unayemjua, ile ni yako. Mama wajawazito na watoto wadogo walipewa maziwa zaidi. Asiyekula nyama aliongezewa jibini.

Basi, kijana wangu, umeiona ile kadi kama katazo, kwamba usinunue zaidi ya hapa. Geuza upande wa pili uisome tena. Inasema: CHINI YA HAPA HATA WEWE USIYE NA KITU HUTASHUKA. Na vita vile, pamoja na mabomu, vifo vya watoto wachanga kule Uingereza vilipungua. Wako watoto wa maskini waliokula vizuri zaidi kwa kadi kuliko baba zao walivyokula bila kadi.

Na wakubwa nao walikuwa na kadi. Eleanor Roosevelt, mke wa Rais wa Marekani, alipolala katika kasri la mfalme kule London mwaka 1942, aliona sahani ni za dhahabu na fedha lakini chakula ndani yake ni kile kile cha wakati wa vita, na bafuni kumechorwa mstari wa kuonyesha maji ya moto yasizidi hapo.

Sisi Waislamu hili halitushangazi. Mwaka wa 18 Hijria, mwaka wa majivu, mvua iligoma na Waarabu wa jangwani wakakimbilia Madina kwa njaa. Umar bin al-Khattab (R.A) alimwandikia Amr bin al-As alete chakula, na yeye mwenyewe akaapa kutoonja samli wala nyama mpaka watu wote wapate. Wanahistoria wanasema rangi yake ilibadilika kwa kula mafuta ya zeituni. Imepokewa pia kuwa alisema ukame ungeendelea angeingiza katika kila nyumba yenye chakula watu wengine idadi ile ile, kwa kuwa mtu hafi kwa kula nusu ya shibe yake.

HOJA YA BEI

Najua wapo wanafunzi wa elimu wataniandikia hapa chini: "Sheikh, Mtume (S.A.W) si alikataa kupanga bei?" Ni kweli. Bei zilipanda Madina, watu wakamwomba apange, akakataa, akasema kwa maana kuwa Allah ndiye mwenye kubana na kukunjua riziki, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake bila mtu kumdai dhulma ya damu wala mali. Lakini wanazuoni wamefafanua. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, ameeleza katika kitabu chake cha Hisba kwamba kupanga bei kuna kwa dhulma na kuna kwa haki. Bei ikipanda kwa sababu bidhaa ni chache na watu ni wengi, na wauzaji wanauza kwa uaminifu, kuwalazimisha ni dhulma. Lakini watu wakiwa na dharura ya chakula na mtu amekifungia, mtawala ana haki ya kumlazimisha auze kwa thamani ya haki. Na kuhodhi chakula kusubiri bei ipande, Mtume (S.A.W) amemwita mwenye kufanya hivyo kuwa ni mkosefu.

CHOMBO KIKIWA SI KIMOJA

Sasa turudi kwenye yale maneno mawili. Uingereza ile ile iliyowapimia watu wake sukari kwa uangalifu, ilikuwa pia inatawala Bara Hindi na inatutawala sisi.

Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma. Burma ndiyo iliyokuwa ikiuza mchele Bengal, na mchele wake ulikuwa ukija hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki na Unguja. Bengal, nchi ya mamilioni ya Waislamu, mwaka 1943 bei ya mchele ilipaa. Mji wa Calcutta wenye viwanda vya vita ulitafutiwa chakula. Vijijini hakukuwa na kadi. Mvuvi, mkata majani na kibarua wa shamba waliachiwa sokoni washindane na wenye pesa. Inakadiriwa watu kati ya milioni 2 na milioni 3 walikufa. Kule London mtu ana kitabu chenye jina lake, kule Bengal mtu anakufa njiani kuelekea mjini. Ufalme mmoja, vyombo viwili.

Na hapa kwetu? Mwaka 1943 ulikuwa pia mwaka wa ukame Afrika Mashariki, na mgawo wa kadi ukaingia Dar es Salaam. Lakini ulipangwa kwa rangi ya mtu. Mzungu fungu lake, Mhindi fungu lake, Mwafrika fungu lake. Mchele na unga wa ngano ulielekezwa kwa wengine, Mwafrika akahesabiwa kuwa ni mtu wa sembe, hata kama ni Mswahili wa pwani ambaye wali ameujua tangu kwa babu zake. Wako waliokwenda ofisini kudai kwamba wao si wa fungu lile bali ni wa fungu hili. Fikirini, mtu analazimika kubishania asili yake ili apate kibaba cha mchele. Kadi iliyokusudiwa kuunganisha watu ikawafundisha kuhesabiana damu.

Kwa hiyo mgawo wenyewe hauna baraka wala laana. Baraka iko kwenye chombo kuwa kimoja.

NA SISI WENYEWE

Watu wa umri wangu hawahitaji kusimuliwa na vitabu. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Vijana wetu wakapanda magari kwenda kupigana, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Ushindi ule ulitugharimu. Mwalimu Nyerere akatuambia tufunge mikanda kwa miezi 18. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977, bei ya mafuta ikapanda duniani mwaka 1979, fedha za kigeni hakuna, viwanda vinakosa vipuri. Miezi 18 ikageuka miaka.

Mnaokumbuka mnakumbuka: unga wa yanga, kufulia majani ya mpapai, majina kwa balozi wa nyumba kumi, foleni tangu alfajiri kwenye duka la ushirika. Tulikuwa na orodha na tulikuwa na bei iliyopangwa. Kilichokosekana ni kile nilichokisema kuhusu duka la Mwingereza: mzigo unaolingana na majina. Jina lako lipo, sukari haipo. Na kitu kikiwa na bei ndogo ya serikali dukani na bei ya kuruka mtaani, kila anayekishika katikati anajaribiwa. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi, na watu wakatupa bidhaa vichakani usiku kwa hofu. Bidhaa zilikuwepo, kumbe, sehemu yake. Zilikuwa uvunguni.

Sasa lile jambo langu.

Nilikulia Tanga. Baba yangu mdogo alikuwa akifanya kazi katika duka mojawapo la mgawo. Hakuwa mlanguzi mkubwa, Allah amrehemu. Lakini mzigo ukija, kabla mlango wa mbele haujafunguliwa, kilo mbili tatu za sukari zilikuwa zimeshafika nyumbani kwetu kwa mlango wa uani. Hatukuuza. Tulikula tu. Tukaona si kitu.

Ramadhani ya mwaka 1982 nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimeshaanza kufunga. Nyumba ya pili alikaa mjane mwenye watoto watano, mkubwa wao nikisoma naye chuoni. Jioni moja mama yangu alinipa bakuli la uji nimpelekee mjane yule futari. Rafiki yangu akaonja akashangaa. Kwao walikuwa wanakunywa uji wa chumvi wiki ya tatu. Akaniuliza sukari mmeipata wapi, mama amesimama foleni jana wamemwambia imekwisha. Nikamjibu ni asali. Nikiwa na saumu yangu.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeshakuwa imamu, nilikwenda kwa yule mama. Alikuwa mzee, kalala kitandani. Nikamweleza, nikamwomba anihalalishie mimi na baba mdogo. Akacheka kidogo. Akasema, "Mwanangu, mtaa mzima tulikuwa tunazisikia zile hatua za uani. Sukari haikuniuma. Kilichoniuma ni kuwa kila wiki nilikwenda kusimama, na kila wiki nilisimama nikijua." Kisha akatuhalalishia. Allah amlaze pema.

Nimeyasikia mawaidha mengi katika umri wangu, na nimetoa mengi, lakini lile neno "nikijua" halijaniacha. Tulidhani tumechukua sukari. Kumbe tulichukua imani ya mtu kwamba zamu yake itafika. Na mgawo wote duniani, wa Abu Ubayda, wa Mwingereza, wa duka la ushirika, umesimama juu ya imani hiyo moja. Watu 300 waliridhika na tende moja kwa sababu walijua amiri wao naye anakula tende moja.

Basi, jibu la kijana wangu ni hili. Mali ni ya mtu, ndiyo. Lakini inapofika mahali kilo yako ya tatu ni kilo ya kwanza ya jirani yako, mtawala ana haki kukuzuia, na ana wajibu. Na ana wajibu mwingine mzito zaidi: awe na kitu cha kugawa, akigawe kwa chombo kimoja, na yeye mwenyewe asimame kwenye foleni ile ile.

Na wewe mwenye duka unayenisoma, usisubiri vita. Juzi juzi hapa sukari iliadimika miezi michache tu, tukaona maghala yaliyofungwa na tukaona wateja wanaopewa kwa kunong'onezwa. Wewe unayefanya kazi ghalani, hospitalini, kwenye ofisi inayogawa pembejeo, chochote kinachopita mkononi mwako kwenda kwa wengine, ni tende za jeshi hizo. Zihesabu.

Na kama una mtu uliyemtangulia kwa mlango wa uani, na bado yuko hai, nenda kabla hajaondoka. Mimi niliwahi kwa miezi miwili tu.

Ewe Allah, tujaalie tuwe katika wale wanaogawana kwa chombo kimoja, uwalinde ndugu zetu walio vitani na njaa na hofu, na uwasamehe wazee wetu waliotutangulia. Amin.

Wallahu a'lam.